Bao la Nne Lilifungwaje? Niliyoongea kwenye tawi la Simba, Desemba 2023, baada ya kutoka Nebraska

Simba! Sijasikia. Simba! Haya, hapo angalau.

Mwenyekiti wa tawi, katibu, wazee wangu mliokaa hapo mbele, akina mama mliotupikia huu pilau ambao harufu yake ndo inanifanya niongee haraka, na nyie wadogo zangu mliosimama mlangoni mkijifanya mnapita tu, shikamooni wakubwa na wengine habari za mchana. Mwenyekiti alinipigia juzi akasema mdogo wangu nasikia umerudi likizo, njoo uongee na wanachama kidogo kuhusu ushabiki wa huko Marekani, maana tangu Yanga watufunge tarehe 5 Novemba tawi limepoa, watu hawaji, hata ada hawalipi. Nikamwambia kaka mi sio mtu wa hotuba, mi kazi yangu kubeba maboksi ghalani usiku. Akasema we njoo useme ulichokiona. Sasa nilichokiona mimi ni mechi ya mpira wa wavu. Ya wasichana. Wa chuo. Naona wengine mshaanza kutoa simu, subirini kwanza.

Mimi naishi Lincoln, jimbo la Nebraska, katikati kabisa ya Marekani. Ukitaka picha yake chukua mashamba ya Dakawa uyatandaze mpaka macho yachoke, weka mahindi, weka ng'ombe, alafu leta baridi ambayo siwezi kukufananishia na kitu chochote cha hapa. Jimbo zima watu hawafiki milioni mbili na hawana timu hata moja kwenye zile ligi kubwa mnazozisikia, NBA hawana, NFL hawana. Kwa hiyo mapenzi yote ambayo mtu angeyagawa huku na kule yameangukia sehemu moja tu, chuo kikuu cha Nebraska. Timu zao zinaitwa Cornhuskers, yani wamenya mahindi, na msicheke maana hapa hapa Morogoro tuna Wakata Miwa wa Mtibwa na hakuna anayeshangaa. Rangi yao nyekundu. Siku nimefika nikaona mji mzima mwekundu, magari, kofia, mpaka mbwa kavalishwa, nikasema Mungu wangu nimeletwa nyumbani, hii ni Msimbazi ya kwenye theluji.

Na katika timu zote za chuo, inayowatoa machozi ni mbili, ile futiboli yao ya kugongana vichwa na voliboli ya wasichana. Tarehe 30 Agosti 2023 walitoa wavu ndani wakaupeleka katikati ya uwanja wa futiboli, Memorial Stadium, wakacheza na chuo cha Omaha. Wakaingia watu 92,003. Narudia kwa ajili ya mzee wangu pale, elfu tisini na mbili na watatu. Uwanja wa Mkapa ukijaa pomoni ni elfu sitini. Kabla ya hapo rekodi ya mchezo wa wanawake walikuwa nayo Barcelona pale Camp Nou mwaka 2022, 91,648. Mi siku hiyo nilikuwa naenda kazini, nikakwama kwenye foleni Lincoln, mji ambao hauna foleni, nikabaki nauliza kwani kuna msiba wa nani.

Aliyeniingiza kwenye mchezo wenyewe ni jirani yangu. Bibi mmoja wa Kizungu, ana miaka sabini na kitu, magoti mabovu, mdomo mkali. Mi baridi ikija namsafishia theluji mlangoni kwa koleo, yeye ananiletea keki ambazo kiukweli hazina sukari ya kutosha lakini unakula. Mume wake alifariki mwanzoni mwa mwaka. Walikuwa na viti vyao viwili vya kudumu vya voliboli tangu timu ikichezea jumba la zamani, kabla haijahamia Devaney mwaka 2013. Na viti vile jamani havipatikani. Tangu mwaka 2001 mechi zao za ligi za nyumbani tiketi zinaisha zote, kila mechi, bila kukosa. Watu wanarithishana viti kama mashamba. Sasa mwezi wa kumi bibi ananigongea mlango ananiambia Jumamosi ya tarehe 21 una zamu? Nikasema sina. Akasema basi utakaa kiti cha mzee, Wisconsin wanakuja. Akaongeza, yeye alikuwa hapigi kelele, we ukitaka piga.

Nikamuuliza Wisconsin ndo nani. Alinitazama vile ambavyo mzee wangu hapo angenitazama nikimuuliza Yanga ndo nani.

Ngoja niwaelezee huo utani maana bila huo hamtaelewa. Wisconsin ni jimbo la juu kule, chuo chao kiko Madison, kwa gari ni kama saa saba au nane. Wanaitwa Badgers, ni mnyama wa ukoo mmoja na nyegere wetu. Nebraska ndo wenye historia, makombe ya taifa matano, 1995, 2000, 2006, 2015 na 2017. Lakini baada ya lile la 2017 wakaanza kula kichapo kwa Wisconsin, na sio kichapo kimoja. Wamefungwa mara kumi mfululizo. Kumi! Mwaka 2018 hawakuchomoka, 2019 wakafungwa mara tatu ikiwemo ile ya kuwatoa kwenye mashindano, 2021 mara tatu, 2022 mara mbili. Na ya tatu ya 2021 ilikuwa fainali yenyewe ya taifa, mwezi wa kumi na mbili, Columbus kule Ohio. Bibi na mzee wake waliendesha gari siku mbili kwenda kuiona. Aliniambia nzima nzima akiwa jikoni kwake, amesimama na mwiko. Seti ya kwanza tulichukua sisi, ya pili tumepoteza 31 kwa 29, thelathini na moja unasikia, seti inaisha 25 lakini lazima upite kwa pointi mbili kwa hiyo ikawa inavutwa tu kama ng'ombe haendi bandani, ya tatu 25 kwa 23 kwao, ya nne 25 kwa 23 kwetu, ya tano 15 kwa 12, kwao. Hakuangalia karatasi popote. Nikakumbuka babu yangu akihadithia ile sita bila ya 1977 dhidi ya Yanga na yale mabao matatu ya Kibadeni, kila bao lilitokea upande gani. Tofauti ni moja. Babu alikuwa anahadithia tuliyoshinda.

Haya, Jumamosi ikafika. Na hiyo Jumamosi mji ulikuwa umechanganyikiwa tayari, maana mchana futiboli walicheza nyumbani na Northwestern wakashinda 17 kwa 9, kwa hiyo jioni watu elfu themanini na ushee wamemwagika barabarani na furaha yao, na wengine wanatoka mechi moja wanaingia nyingine. Timu zote mbili za voliboli zilikuwa hazijafungwa hata mechi moja msimu huo. Wisconsin namba moja nchi nzima, Nebraska namba mbili. Hata kama hujui kitu hapo unajua leo kuna kitu.

Mi nikavaa jezi yangu ya Simba. Nyekundu, sina nyingine. Bibi akaikagua mbele nyuma akauliza huyu ni simba? Nikasema ndio. Akasema inafaa. Tukapitia kwanza kula kitu kinaitwa Runza, chakula chao cha kujivunia, ni mkate umejazwa nyama ya kusaga na kabichi ndani, mi naichukulia kama sambusa iliyonenepa ikaacha pilipili. Alafu tukaenda.

Mlangoni nikafanya kituko. Mnaelewa mtu ukishakuwa na jezi nyekundu katikati ya watu wekundu unajisikia vipi, kila mtu ananipigia kofi mkononi, nice shirt nice shirt, na mi napiga makofi na kila mtu, nikamwona jamaa mmoja mrefu, mwekundu kichwa mpaka kiatu, nikamkumbatia kabisa nikapiga kelele Go Big Red, ndo salamu yao. Jamaa kaganda. Namwangalia kifuani, herufi W. Kumbe na Wisconsin nao ni wekundu! Jamani. Watani wa jadi wote wawili nyekundu na nyeupe, sijui nani aliruhusu. Fikiria uende Mkapa na Yanga nao wamevaa nyekundu. Nikasubiri matusi, yule bwana akacheka akaniambia kwa leo nitakusamehe. Na kumbe tiketi yake ilikuwa safu ya mbele yetu, kwa hiyo tulikaa na mimi naangalia kisogo chake usiku mzima.

Devaney sio kubwa. Ndani siku hiyo watu hawakufika elfu kumi, ila paa liko karibu, sauti haina pa kwenda. Bendi ya chuo inapuliza matarumbeta mpaka kifua kinatetemeka. Lakini mimi kitu cha kwanza kilichonikamata kilikuwa mazoezi ya kupasha. Nyie wavu mnaujua wa shuleni, mpira unapigwa juu mwaaa unashuka. Hapa msichana anapiga mpira unalia kwenye sakafu kama mtu kaangusha gunia la chumvi kutoka kwenye lori, tena unaruka mpaka jukwaani watoto wanaugombania. Wavu wa wanawake ni mita 2.24 kutoka chini. Sasa Wisconsin walikuwa na binti anaitwa Anna Smrek, Mkanada, urefu wake futi 6 na inchi 9, hiyo ni zaidi ya mita mbili. Na mwenzake Carter Booth futi 6 na inchi 7. Wakisimama pamoja hapo kwenye wavu ni kama wamejenga ukuta wakasahau kuweka mlango. Nikamwambia bibi hawa tutawapigaje. Akasema huwapigi juu, unapiga kwenye mikono yao mpira utoke nje. Alafu akafungua pochi akatoa daftari.

Hilo daftari ndo limenileta kusimama hapa. Daftari la kawaida, lile la mistari, na penseli imechongwa kwa kisu. Kila ukurasa mechi moja. Anaandika nani kasevu, yani nani kaanzisha mpira, nani kapokea, pasi ilikwenda vizuri au vibaya, nani kamaliza. Alama zake mwenyewe, mshale, duara, msalaba. Na anaziandika timu zote mbili, kurasa zinatazamana, kushoto sisi kulia wao, kwa uangalifu ule ule. Nikamuuliza mbona unahangaika na wao. Hakunijibu, mechi ilikuwa inaanza.

Sasa jamani niseme ukweli, seti ya kwanza sikuona kitu. Mpira unakwenda haraka, mi jicho langu limezoea mpira wa miguu, naufuata mpira, na ukiufuata mpira kwenye wavu umechelewa. Bibi akanipiga kiwiko akasema usiangalie mpira, mwangalie Bergen. Bergen Reilly ni seta wao, ndo anayegawa, kama kiungo mchezeshaji kwetu, na alikuwa mwaka wa kwanza chuoni, mtoto kabisa, kutoka South Dakota. Mpira ukishapokelewa unakwenda kwake na yeye ana kama nusu sekunde ya kuamua ampe nani, ampe Merritt Beason kulia, ampe Harper Murray kushoto, au ampe Andi Jackson hapo katikati mpira mfupi wa haraka, na wale warefu wa upande wa pili wanamsoma mabega, wanasubiri wajue waruke wapi. Akiwadanganya, wameruka kulia mpira umekwenda kushoto, hamna ukuta, hapo ndo unasikia lile gunia la chumvi. Nilipoanza kumwangalia yule binti mechi ikafunguka kama mtu kaniwashia taa. Aisee! Kumbe vita iko kabla ya kupiga.

Na yupo mwingine, Lexi Rodriguez. Huyu ni libero, anavaa jezi ya rangi tofauti na wenzake, haruhusiwi kushambulia juu ya wavu, kazi yake kuokoa tu. Mfupi kati ya twiga. Sarah Franklin wa Wisconsin anaachia kombora, wote tumeshakata tamaa, tumeshakaa, mara unaona kitu kimeteleza chini kwa tumbo, mkono mmoja umewekwa bapa sakafuni, mpira umegonga mgongo wa kiganja umenyanyuka tena. Uko hai! Na hapo ndo uwanja unapanda. Kwa sababu kwenye wavu mpira ukikaa hewani muda mrefu kelele zinaongezeka zenyewe, kila unapovuka wavu zinaongezeka, inafika mahali husikii hata kelele, unasikia mlio mmoja tu, mpaka uanguke.

Kuna kitu kingine nilikifikiria pale, hiki ni changu sio cha bibi. Huu mchezo huwezi kupaki basi. Sisi tukiongoza moja bila dakika ya themanini kipa wetu analala, anashika mguu, daktari anaingia na chupa ya maji, tunamaliza. Kule hakuna saa. Hata uwe unaongoza 24 kwa 10 ile pointi ya mwisho lazima uende ukaichukue mwenyewe, hakuna atakayekupulizia filimbi kukuonea huruma. Mi presha yangu sio nzuri, nikasema huu mchezo umetungwa na mtu mkatili.

Wakagawana seti mpaka mbili mbili. Seti ya tano. Hiyo inaishia 15, mkifika 8 mnabadilishana upande. Watu mara kumi wameumia, na fainali ya Columbus iliishia seti hiyo hiyo ya tano, na kila mtu aliyekaa mle ndani anakumbuka, mi naona kabisa nyuso. Mzee mmoja nyuma yetu alikuwa amefumba macho anamuuliza mjukuu wake, imeingia? imeingia? Bibi anaandika. Mkono unatetemeka lakini anaandika, mshale, duara, msalaba. Yule jamaa wa W mbele yetu amekunja kofia yake mpaka imekuwa kama andazi.

Pointi ya mwisho ilipoingia sikumbuki niliruka vipi, nakumbuka bisi zilimwagika kichwani kwa watu na hakuna aliyegeuka kunilaumu. Seti tatu kwa mbili, Nebraska wameshinda, mara ya kwanza tangu 2017. Wasichana wamerundikana katikati, bendi imepandwa, watu wazima wanalia, tena wale wakulima wakubwa wakubwa wenye shingo kama nguzo. Nikageuka nimkumbatie bibi. Bibi alikuwa anamalizia kuandika. Akaweka alama ya mwisho, akafunga daftari, akaingiza penseli kwenye pochi, ndo akanyanyuka akampa mkono yule jamaa wa Wisconsin akamwambia yule binti wenu Franklin ni hatari, sijui tutamzuiaje Madison. Na jamaa akamjibu akasema mlitupiga kwenye sevu, nyie mtoto wenu yule anasevu kama shetani. Wakasimama hapo kama robo saa, watu wanawapita, wanabishana pasi ya nani ilikuwa mbaya seti ya ngapi. Mimi niko pembeni na jezi yangu ya Mnyama nimeshika makoti.

Njiani nikamuuliza tena habari ya kuandika wapinzani. Akasema zile kumi zote anazo. Kurasa zote kumi. Mzee wake alikuwa akishindwa anakaa kimya siku mbili, yeye anakaa na daftari. Basi, ndo jibu alilonipa, akafungua redio.

Nataka niseme kidogo kwa akina dada hapa, maana nyie ndo mtauliza inakuwaje wasichana wanajaza uwanja. Sio kwamba Wazungu ni watu wema. Ilitungwa sheria mwaka 1972, chuo kinachopokea hela ya serikali hakiruhusiwi kumbagua mwanamke, na michezo ikaingia humo. Ikabidi vyuo viwe na timu za wasichana, viwape ufadhili, viwape makocha. Nebraska wakampata kocha Terry Pettit mwaka 1977, akakaa zaidi ya miaka ishirini, kombe la kwanza kalipata 1995, miaka kumi na nane anajenga tu. Alipoondoka akaja John Cook mwaka 2000 na mwaka huo huo akashinda mechi 34 bila kufungwa hata moja. Dada yangu mimi alifika UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, na wavu, alikuwa anaruka huyo, leo ukimuuliza atakuonyesha kovu la goti tu. Pale shule aliyosoma, shule siitaji, kiwanja cha wavu sasa hivi wanaanikia mahindi na nguzo moja wamefungia mbuzi. Na usiniambie Waafrika hatuwezi maana Agosti hii ya 2023 majirani zetu Malkia Strikers wa Kenya wamechukua ubingwa wa Afrika kule Yaoundé, wamewafunga Misri fainali tatu bila. Nilimwonyesha bibi kwenye simu, akaomba daftari, akaandika majina.

Sasa tuje kwetu. Najua hamtaki lakini tuje.

Tarehe 5 Novemba. Kule ni Jumapili asubuhi, na usiku huo walikuwa wamerudisha saa zao nyuma kwa ajili ya baridi, kwa hiyo mi nimetoka zamu sijui hata saa ngapi, nimekaa kitandani na simu, chai pembeni. Musonda wa Yanga anafunga mapema, nikasema sio mbaya. Kibu Denis wetu anasawazisha, nikaruka mpaka nikagonga taa. Tunaenda mapumziko moja moja. Mnajua kilichofuata. La pili, nikaweka chai chini. La tatu, Aziz Ki, nikazima simu. Nikaitupa chini ya mto kabisa kama vile mto utazuia kitu. Nikalala. Naamka kuna meseji mia mbili na kitu na zote zina mkono wenye vidole vitano.

Jioni bibi ananigongea, kaleta keki. Anajua nilikuwa na mechi, nilimwambia wiki nzima, nilimwambia hii ndo Wisconsin yangu. Akauliza vipi? Nikasema tumefungwa tano moja. Akavuta kiti, akakaa, akatoa daftari. Akasema haya niambie. La kwanza lilifungwaje? Nikamwambia. La pili? Nikamwambia kwa tabu. La tatu? Nikamwambia. La nne lilifungwaje?

Nikasema bibi, nilizima.

Akasema ulizima? Nikasema ndio. Akaniangalia. Wazee wangu, nimesemwa na wakuu wa zamu, nimesemwa na mama yangu mzazi, lakini sijawahi kuangaliwa hivyo. Kama vile nimemwambia niliondoka msibani kabla ya kuzika. Akasema washa.

Tukawasha. Mimi na bibi wa Kizungu wa miaka sabini na kitu ambaye hajui hata kuotea ni nini, tumekaa jikoni kwangu Lincoln Nebraska tunaangalia Simba wanafungwa bao la nne na Maxi Nzengeli. Akasema rudisha. Nikarudisha. Akasema rudisha tena. Alafu akaweka kidole kwenye kioo akauliza, huyu wenu hapa, kwa nini amesimama? Nikasema sijui. Akasema na huyu anamwangalia nani? Na mimi nilikuwa nimewatukana kipa na refa na kamati nzima ya usajili tangu asubuhi, na hilo la mtu kusimama sikuwa nimeliona, wala nisingeliona. Tukaangalia na la tano, penalti ya Pacome. Akaandika yote, kurasa mbili zinatazamana, kushoto nyekundu kulia kijani. Majina ameyaandika anavyojua yeye.

Tarehe 24 Novemba Nebraska wakaenda Madison, lile jumba lao la mwaka 1930. Wakapigwa seti tatu bila, kipigo chao cha kwanza msimu mzima. Tuliangalia kwenye tivii yake. Hakusema neno baya, alichonga penseli mara mbili tu. Na wiki iliyopita hapa, tarehe 17 Desemba, wamefika fainali ya taifa Tampa wakafungwa na Texas, tatu bila tena. Nilikuwa nimeshatua Dar, nikampigia simu kumpa pole, akasema subiri kwanza namalizia kuandika, akanikatia.

Sasa mwenyekiti. Nimekuja na hii flashi. Nimeona hapo mna projekta ya kuonyeshea mechi na shuka jeupe. Humu ndani iko yote, dakika tisini, sijakata hata sekunde, na nimenunua madaftari ishirini pale Msamvu na penseli zake. Wale wa mlangoni ingieni ndani mfunge mlango, wewe mwenye kofia usitoroke nimeshakuona. Pilau litasubiri. Katibu, chomeka.